Kifuniko cha Watu Wawili

Rutayisire alijifunza useremala akiwa na miaka hamsini na tisa, katika darasa la jioni la parokia, huko Mbugangari. Kabla ya kushika msumeno alifanya ishara ya msalaba. Wenzake walicheka. Fundi Mugisha, mwalimu wao, hakucheka hata siku moja.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa benchi lenye sanduku chini yake, kikalio chake kikiwa ndicho kifuniko, la mke wake Nyirabagenzi. Daktari alikuwa amemkataza kubeba beseni la sambaza, dagaa aliowauza, kutoka Rubona; moyo umechoka, akasema, mama akae. Basi Rutayisire alitaka akae mahali pazuri, na vitenge vyake vitoke kwenye gunia.

Aliranda mbao za msonobari, akapima, akakata, akakosea, akakata tena. Lakini jioni fundi alipofundisha kufunga bawaba, yeye alikuwa hospitali na mkewe. Ikabidi afunge kifuniko nyumbani kwa kubahatisha, benchi likiwa limeshasukumwa hadi ukutani, huku akimwomba Mungu amwongoze mkono.

Kifuniko kilifunguka vizuri. Alipokiachia tu, kikaanguka: paa!

"Papa Mahoro," Nyirabagenzi alisema, akicheka mpaka akajishika kifua, "umetengeneza mutego ya panya!"

"Bawaba ndizo mbovu. Nitazibadilisha."

"Musikie Kiswahili ya Tanzania! Nitazibadilisha!" Rutayisire alikulia Karagwe, na mkewe hakuacha kumtania kwa hilo. "Acha. Bon, mi nashika, we unaweka."

Ikawa hivyo. Zamani waliweza kumaliza siku nzima bila maneno kumi. Sasa kila jioni aliita, "Mama Mahoro, njoo ushike," naye alikuja polepole, akiegemea ukuta, akashika kifuniko kwa mikono miwili wakati mumewe akiinama kutoa blanketi. Mara nyingine mkewe alimpulizia shingoni amtishe. Rutayisire aliponunua mnyororo wa kukizuia kifuniko, mkewe aliurudisha dukani.

"Ukitengeneza, utaniita juu ya nini?"

Rutayisire alidhani ni mzaha. Na usiku, katika sala, bado aliomba: Bwana, nionyeshe nilipokosea.

Nyirabagenzi alifariki hospitalini Jumanne alfajiri. Saa tatu asubuhi mdogo wake, Denyse, alifika nyumbani na pikipiki.

"Shemeji, banangoja kumuvalisha. Kile kitenge ya bluu, ya kwaya, iko wapi?"

"Ndani ya benchi."

"Nikushikie?"

"Hapana. Nisubiri nje kidogo."

Hakutaka mkono mwingine pale.

Akashika kifuniko kwa mkono mmoja, wa pili ukapapasa. Kitenge kilikuwa chini kabisa. Akajaribu kukizuia kifuniko kwa kichwa. Kikateleza, kikampiga shingoni.

"Shemeji, tunachelewa!" Denyse aliita.

Akapiga magoti, na maneno ya sala yakamkimbia. Ndipo akalishika benchi kwa hasira, akalivuta kutoka ukutani. Lilitoka kirahisi, kama lililozoea. Akafungua tena. Kifuniko kikaenda nyuma, kikaegemea ukuta, kikatulia.

Akakitazama kikiwa kimesimama bila mtu. Bawaba hazikuwa na kosa. Kilichokosekana ni nafasi ya kiganja kimoja tu kati ya benchi na ukuta.

Akachungulia nyuma ya benchi. Miezi saba lilikuwa pale, lakini sakafu ilikuwa safi, imefagiwa hadi kwenye pembe, na miguu ya benchi ilikuwa imechora mistari kwenye saruji, ikienda na kurudi. Nyirabagenzi alikuwa akilivuta kila alipofagia. Alijua. Na kila jioni alikuja kushika.

Rutayisire akatoa kitenge, akafunga, akalisukuma benchi mpaka likagusa ukuta.

"Bwana," alisema, "hili ungeniacha nisilijue."

Mlangoni Denyse alikipokea kitenge, akakikung'uta.

"Umeweza peke yako, shemeji?"

"Nimeweza," alijibu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.