Mama Sifael Wawili

Wifi yangu Ernesta alijifunga kitenge changu cha msiba, kile cha kahawia chenye majani meusi, akakaa kwenye kigoda changu, mlangoni pa jiko langu, akamlilia mwanangu.

Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, ungo mapajani, nachambua maharage ya makande. Alilia vizuri, siwezi kusema uongo. Chozi moja shavu hili, jingine shavu lile, na kamasi hazikumtoka.

"Kata!" akasema mjukuu wangu Dorkas. "Bibi Ernesta, umeniua kabisa!"

Dorkas ni binti wa Sifael, na Sifael ndiye mwanangu wa kwanza, aliyeanguka na lori la tangawizi kwenye kona za kushukia Same, masika ya mwaka juzi. Dorkas alisomea filamu Dar. Akaja huku Mbaga na kamera ya kuazima na kijana wa kuishika, Rodgers, atengeneze filamu ya nyumba yetu ilivyobaki baada ya baba yake. Kampuni hakuna, mfadhili hakuna. Waigizaji ni sisi wenyewe.

Mama wa marehemu nilianza kuigiza mimi. Lakini sikulia. Hata siku ya msiba wenyewe sikulia mbele za watu, nilikaa natazama mlango. Tena kila Rodgers aliponisogelea na kamera nilimwuliza kama ameshakula. Dorkas akaniinamia, akasema kwa upole, "Bibi, wewe pumzika. Ngoja tumjaribu Bibi Ernesta."

Ernesta ndiye anayeanzisha nyimbo kwenye kwaya ya akina mama. Kwake kulia ni kama kupiga chafya.

Kitenge nilikitoa. Kigoda nilikitoa. Kilichonichoma ni jina. Dorkas hakubadilisha majina, kwa hiyo kila aliyeingia kwenye filamu alimwambia Ernesta, "Pole, Mama Sifael." Wakamzoea hivyo hata kamera ikizimwa. Mama Sifael, chai yako hii. Mama Sifael, sogea kivulini.

Jina hilo lilikuwa langu tangu nikiwa msichana mwenye mtoto mgongoni. Tulipomzika Sifael, watu wakaacha kuniita. Waliogopa kunitonesha kidonda. Sokoni nikawa Bibi Dorkas, kanisani nikawa bibi tu. Walinihurumia, najua. Lakini nililikosa jina lile kama mtu anavyokosa chumvi, na sasa nalisikia kutwa nzima, anapewa mwingine.

Siku ile Rodgers aliita kutoka uani, "Mama Sifael!"

"Abee!" tukaitika sote wawili.

Ernesta akacheka. "Wifi, kumbe na wewe umo?"

Nikaweka ungo chini. "Vua kitenge changu."

"He! Mbele ya vijana?"

"Vua. Na jina langu uliache hapo hapo."

Dorkas akaja mbio. "Bibi, jamani! Tuliacha kukuita hivyo ili usiumie."

"Nani alikwambia linaniumiza?"

Dorkas akabadilisha: kwenye filamu Ernesta awe Mama Clemence. Ernesta akajifunga kanga yake mwenyewe, akakaa. Rodgers akasema kutoka pembeni, "Pole, Mama Clemence." Jicho kavu. Wakarudia. Kavu vile vile.

"Huyo Clemence simjui mimi," Ernesta akasema. "Sifael nilimbeba mgongoni, wifi, wewe ukienda kungoja zamu yenu ya maji kule kwenye bwawa la ndiva. Alikuwa ananivuta hereni. Nimlilie nani mwingine?"

Ilikuwa kweli, na ukweli ule ukanizidishia wivu. Nilidhani ananiibia machozi, kumbe alikuwa na ya kwake.

Nikarudia maharage yangu. Ukungu ukaanza kushuka kutoka mlima Shengena, na Rodgers akalalamika kwamba mwanga unakwisha. Mwisho nikasimama, nikakung'uta gauni.

"Nipe mimi nafasi ya jirani anayekuja kutoa pole."

"Utasema nini, Bibi?" Dorkas akauliza.

"Kinachosemwa."

Nikamrushia Ernesta kitenge. Nikazunguka kupitia migombani na chana ya ndizi mkononi, kama mgeni nyumbani kwangu, nikapiga hodi. Ernesta akainua uso.

"Pole," nikasema. "Pole, Mama Sifael."

Ernesta alitakiwa ajibu, asante, karibu ukae. Badala yake alinyanyuka, akanikumbatia na ndizi zangu zikiwa katikati yetu.

"Pole na wewe, Mama Sifael."

Dorkas hakusema kata. Sijui nililia vipi. Wanasema kamasi zilinitoka, na Rodgers anaapa kwamba picha hiyo haifutwi.

Kitenge kimerudi na doa la utomvu wa ndizi begani. Nimemwambia Ernesta alitoe mwenyewe, tena kwa limau, asinikwangulie rangi.

"Nitalitoa, Mama Sifael," akasema.

Nikajifanya sikusikia, ili arudie.