Kikono cha Saa ya Muoki

Watu wa Shauri Moyo wameniita fundi kwa miaka thelathini na kichwa kikanivimba. Mtu akirudisha saa niliyoitengeneza, namjibu vibaya kabla hajaketi. Muoki, mchonga vinyago, aliporudisha yake mara ya tatu, nilimwambia saa ya mtumba ni bahati nasibu, asinisumbue.

Hakukasirika. Alisema mkewe, Kalekye, ndiye aliyemnunulia saa hiyo soko la Gikomba, na sasa Kalekye amelazwa hospitalini. Simu yake Muoki iliibwa sokoni Muthurwa, kwa hivyo hiyo saa ndiyo aliyoitegemea kila Jumapili. Wagonjwa huonwa saa saba hadi saa nane mchana, na geti likifungwa limefungwa.

Saa yenyewe ilikuwa ikikimbia mbele dakika ishirini kwa siku. Ndani mna kikono kidogo cha kupunguza au kuongeza kasi, na mara mbili nilikuwa nimekivuta upande wa kupunguza, tena sana. Bado ilikimbia. Safari hii nilimuuliza huilaza wapi akilala. Juu ya redio, akasema. Nikacheka kwa majivuno, maana spika ina sumaku, na springi ya saa ikishika sumaku haitulii, saa hukimbia. Niliiondoa sumaku kwa mashine yangu, nikaitega sawa na ile ya ukutani, nikampa. Ilikuwa Ijumaa jioni. Saa hupimwa siku mbili mezani kabla ya kutoka, lakini nilitaka kufunga niende zangu.

Jumatatu asubuhi alikuja macho mekundu. Kalekye amefariki, alisema, jana saa kumi jioni. Alikuwa amefika getini saa saba na nusu kwa saa yake, na machungwa mkononi, na askari wa geti akamfukuza akisema muda umekwisha. Muuguzi alimwambia baadaye kwamba Kalekye alimuulizia mara mbili.

"Nilimwonyesha askari hii saa," Muoki akasema. "Nikamwambia imetengenezwa na Ndirangu. Twende na mimi, fundi, uwaambie hao watu iko sawa. Huyo askari lazima afutwe kazi."

Niliichukua. Ilikuwa imechelewa nyuma ya saa yangu ya ukutani kwa dakika hamsini. Niliifungua nikijua nitakachoona. Sumaku niliitoa, lakini kikono kilikuwa bado pale pale nilipokivuta, upande wa kupunguza. Nilisahau kukirudisha katikati, na bila sumaku saa ikawa inachelewa.

Ningeweza kukisukuma kwa kidole, kimya, naye asijue maisha yake yote. Niliona aibu. Lakini yule askari huenda ana watoto, kama mimi.

"Askari hakukosea," nikasema. "Ni mimi. Saa ilikuwa inachelewa."

Nilimweleza yote, hadi kwamba nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Muoki alisikiliza akiitazama mikono yangu, si uso.

"Kwa hivyo kama ungeiacha vile ilikuwa," akauliza polepole, "ikikimbia tu, ningefika mapema?"

"Ungefika mapema."

"Ningempata."

"Ungempata, Muoki."