Mjumbe Hanywi Maji

Wewe ukimwona mtu mzima anakimbia barabarani alfajiri, hana mzigo, hafukuzwi, unafikiri nini kwanza? Siku hizi utasema anafanya mazoezi. Kwetu Tezo, miaka ile ya themanini, jibu lilikuwa moja tu: kuna mtu amekufa. Na kama anayekimbia ni mume wangu Tsuma, basi hata kuuliza hatukuuliza. Kina mama walitua ndoo, wakajifunga leso kiunoni, wakaanza kulia.

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Simu zilikuwa mjini Kilifi, kwa wakubwa. Mtu akifa, wazee walikuja mlangoni petu wakataja jina, na Tsuma akatoka kwenda kuwaambia ndugu wa marehemu, wawe Ngerenya, Matsangoni au Gede. Alikuwa na miguu mirefu, myembamba, isiyochoka upesi. Na kijijini kwetu kulikuwa na sharti: mjumbe wa msiba hanywi maji njiani, wala hapokei kata ya maji kwa mtu, mpaka aketi na kusema neno lake. Kwa hiyo watu walimtazama mdomo. Akiyakataa maji, wameshajua.

Alikuwa ameshapita miaka arobaini, ndevu zimeanza mvi, alipoanza kukimbia bila mtu kufa. Kiwandani kwa korosho, alikofanya kazi, kulikuwa na bawabu mmoja Mkamba, Musembi, aliyekuwa askari jeshi zamani na mkimbiaji. Huyo ndiye aliyemwambia kwamba mwakani kutakuwa na mbio ndefu, kutoka Malindi mpaka Mida na kurudi.

Jioni ile Tsuma aliketi kwenye kigoda, akainuka. Akaenda kuwaangalia mbuzi, mbuzi wamelala. Akarudi, akashika ufagio, akauweka.

"Baba Gona, una nini?"

"Sina kitu."

"Basi keti."

"Si nimeketi?" Naye amesimama wima kama mlingoti.

Asubuhi akatoka mbio. Ngerenya, mzee Mwambire alimwona akipita na kukataa maji kwa mkono, kwa mazoea tu. Mwambire akatuma watu wawaite ndugu zake. Kufika adhuhuri ua umejaa, watu wanaliliana wao kwa wao, na maiti hapana. Kila mmoja anamwuliza mwenzake, "Kwani ni nani?"

Wazee wakaja kwetu.

"Tsuma, unatutia roho juu. Acha mchezo huo."

"Nimesikia," alisema, ameinamisha kichwa.

Kesho yake akatoka tena.

Mimi nilikuwa sikai. Nikisuka kuti, nasikiliza barabara. Nikipika, nachungulia. Nilimwuliza kila namna: unataka nini hasa? Unataka kombe? Unataka kuonekana na vijana? Alikuwa akinitazama, midomo inacheza, kisha anaenda kuwaangalia mbuzi.

Siku ya kwanza ya masafa marefu, Musembi alimfuata kwa baiskeli. Tsuma alitoka kwa kasi kama anapeleka habari, mdomo ameufunga, jua limemshika. Alipofika Matsangoni miguu ikakatika, akaanguka mchangani karibu na kibanda cha sukari na sabuni. Musembi alimrudisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, miguu inaburura.

"Mama, huyu mzee wako mbishi!" alisema, jasho linamtoka. "Kila nikimpa maji anafunga mdomo kama mtoto anayekataa dawa!"

Nikamweleza lile sharti. Akasikiliza mpaka mwisho, akajikuna shingo.

"Sasa, nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi si anywe!"

Kwa mgeni lilikuwa jambo jepesi. Kwa Tsuma halikuwa jambo la haraka. Mkono wake ulikuwa umezoea kukataa. Siku alipojaribu ilikuwa pale pale kwa Mwambire. Mke wa Mwambire alikuwa ameshajifunga leso. Tsuma akapokea kata, akanywa mpaka maji yakamwagika kifuani. Yule mama akamkodolea macho, kisha akaifungua ile leso akamchapa nayo mgongoni.

"Mwehu wewe! Umeniliza bure juzi, na hakuna aliyekufa!"

Akacheka. Naye Tsuma akacheka, akaendelea na mbio zake.

Tangu hapo kina mama wa barabarani wakawa wanamwekea maji. Musembi alimpangia: leo mwendo mrefu wa polepole, awe anaweza kuzungumza, kesho mfupi wa kasi, kupanda kilima, siku nyingine apumzike. Hiyo ya kupumzika ndiyo iliyonichosha mimi. Alizunguka uani mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Lakini alikuwa anaimarika. Mwanzo alifika kwa Mwambire uji umeshanywewa. Mvua za masika zilipokwisha, alifika uji unachemka. Mwishowe yule mama akawa anamfokea, "Leo umeniwahi, bado natafuta kiberiti!"

Siku ya mbio nilikaa Malindi, karibu na soko, shati lake mapajani, nalikunja, nalikunjua. Ya Gede alinisimulia Musembi, aliyekwenda kwa baiskeli yake.

Gede kulikuwa na shangazi yake Tsuma, mama Zipporah. Huyo, Tsuma ndiye aliyempelekea habari ya mumewe, na baadaye ya mwanawe. Habari za mashindano hakuwa nazo. Alimwona mpwa wake katikati ya vijana wenye kaptura, anarudi kutoka Mida, akaingia barabarani na kata mkononi. Maji yalimmwagikia miguuni.

"Pita, mzee! Umekunywa sasa hivi!" Musembi alipiga kelele. Mbele ya Tsuma palikuwa na vijana wawili tu, wamechoka.

Tsuma akasimama. Akapokea kata kwa mikono miwili, akanywa yote, akaipindua shangazi aione ndani.

"Shikamoo, shangazi. Wazima wote."

Hakuondoka mpaka yule bibi alipoitika marahaba. Kundi zima la nyuma likampita.

Alifika Malindi nyuma ya vijana wengi na mbele ya wengi. Musembi alikuwa amevimba kwa hasira. "Wale wawili alikuwa anawapata! Kwa kata moja ya maji, mama!"

Tsuma alifanya jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu siku ile ya kigoda: aliketi, chini kwenye vumbi, akatulia. Nikampelekea maji.

Akayakataa kwa mkono.

Nikachuchumaa mbele yake. "Haya, umefika, umeketi," nikamwambia, kama anavyoambiwa mjumbe. "Sema neno lako."

"Nilitaka," alisema Tsuma, "siku moja nifike mbio kwa watu, na asilie mtu."