Benchi la Wa Mwisho

Binti mtengeneza programu alikuwa jikoni akimenya viazi wakati mama mmoja fundi cherehani alipopenya ukutani, ameketi kwenye benchi la kliniki ya macho, mkoba mapajani. Benchi lilisimama kando ya jokofu. Jicho la kushoto la fundi lilikuwa na mtoto wa jicho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bado sijaitwa."

Mama mzazi wa mtengeneza programu alichungulia, akaongeza viazi sufuriani.

Binti alielewa papo hapo. Programu iliyokuwa ikiwaita wagonjwa kwa kipaza sauti aliitunga yeye. Iliipitia foleni mmoja mmoja, ila wawili ilipaswa kuwatambua: kwa wa kwanza iwashe taa za daktari, kwa wa mwisho izime na kufunga mlango. Alikosea mpangilio. Ikimfikia wa mwisho, ilifunga kwanza, na kumwita ikawa basi tena. Aliliona hilo siku ya majaribio. Alikuwa hoi, akajiambia mtu mmoja si kitu, nitarekebisha baadaye. Baadaye hiyo ikaota mvi.

Kesho yake jioni aliingia dereva wa lori, na benchi lake. Kisha mwalimu mstaafu. Wakasogeleana, wakaomba radhi kwa kubanana. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Fundi alipotunga uzi akakosa tundu la sindano, binti alimpokea akamtungia.

Akamwendea mkuu wa kliniki.

"Naomba niirekebishe programu, bosi. Wa mwisho hawaitwi."

"Tangu programu yako ije, madaktari wanatoka mapema. Nani amelalamika?"

"Wamejaa nyumbani kwangu."

"Basi wape chai. Wa mwisho lazima awepo tu."

Alipojaribu kuifungua programu, nywila yake ilikataliwa.

Wiki zikapita. Jicho la pili la fundi nalo likapoteza nuru.

"Mwanangu, zamu yangu bado?"

Binti akasimama mlangoni, akamwita kwa jina lake lote, kama kipaza sauti.

"Naam!" Fundi akanyoosha gauni, akapapasa ukuta hadi chumba cha kulala, akaingia. Akarudi taratibu.

"Daktari hayupo," alisema, akakaa.

Dereva alimsogezea mkoba wake. Upande wa dirisha benchi jingine lilikuwa linapenya ukutani, na mama mzazi wa binti akavuta meza ili lipite.