Bolti Kavu

Kaa hapo, geuza hiyo ndoo ukalie, usikilize, na wala usimwite maana hatakusikia, akili yake yote iko kwenye pampu, vuta, sukuma, vuta, sukuma, mafuta ya gia mazito kama uji wa mgonjwa yanapita kwenye mpira yanaingia kwenye tumbo la giaboksi, na yeye kalala chali juu ya kartoni chini ya lori, mgongo umeshakufa ganzi, tone limemwangukia karibu na jicho na hana mkono wa kulifuta... Nati, ndo wanavyomwita, jina kapewa na baba yake enzi hizo nati ikidondoka chini ya gari kabinti haka ndo kanatambaa kuiokota, na sasa ni mwanamke mzima, fundi mwenye funguo za gereji, lori kalifungua lote, klachi, giaboksi, propela mpaka difu, akalirudisha kipande kwa kipande, na zile bolti ambazo matundu yake yanatoboa mpaka kwenye mafuta kazipaka gundi moja moja, anazungusha mara mbili kama baba alivyomfundisha, maana hizo usipozipaka mafuta yanajipenyeza kwenye uzi wa bolti, polepole, tone leo, tone kesho, hugundui kitu, unakuja kugundua uko mteremkoni na mzigo mgongoni na giaboksi imekauka kama koo la mlevi asubuhi. Ndo yaliyompata baba. Gia iligoma kuingia, breki peke yake zikashindwa kulishika, lori likalala ubavu mtaroni na baba akatolewa kwa kukatwa mlango, na tangu hapo nyonga mbovu, kutoka kitandani mpaka chooni anashika ukuta, rangi ya ukuta imebaki na mstari wa kiganja chake... vuta, sukuma... na kila wakikaa kula, yaani kila wakikaa kula, "Nisameheni wanangu, sikupima mafuta, nimezeeka," na mama anasema, "Kula mzee, chakula kinapoa," na Nati anaangalia sahani yake, anatafuta chembe ya mchanga isiyokuwepo, kwa sababu yeye anajua zaidi ya hapo.

Anajua tangu siku aliyoifungua giaboksi, bolti zote zilitoka na gundi nyekundu imegandia kwenye uzi, isipokuwa moja, ya chini kabisa, imejificha nyuma ya kishikio cha bomba la breki, hiyo ilitoka kavu, safi, inang'aa kama imetoka dukani, akaitazama weee, akaitia mfukoni mwa ovaroli na hakumwambia mtu, si mama, si kaka, si jirani, akajisemea maskini baba, kumbe si kupima mafuta tu, kasahau mpaka gundi, yeye aliyekuwa ananizaba kofi la kisogo nikisahau, hili akilijua litammaliza... akaibeba. Kila akiinama inamchoma pajani. Na siku baba alipojikongoja mpaka gereji akachukua spana ashike japo bolti moja, Nati akamwambia, "Acha baba, nitafanya mwenyewe," akaitoa ile spana mkononi mwake, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, na baba hakubisha, hicho ndo kilichomuuma, baba wa zamani angebisha mpaka majirani watoke nje... sukuma, vuta, ngoja, mpira umejikunja... na huko nje kuna miguu, kutoka chini ya lori watu wote ni miguu tu, viatu vya ngozi vyenye vumbi la mbao, huyo ni tajiri wa mbao kaja kuangalia kama mzigo wake utatoka leo, na raba nyeupe pee, hizo za kaka yake, Kapteni, dereva mwenyewe sasa, baba kamwachia usukani kwa aibu, na nani mwingine anaingia gereji na raba nyeupe kama si mtu aliyeshaamua kwamba kuchafuka ni kazi ya mdogo wake.

"Leo leo bosi, likishiba tu tunakuja kupakia."

"Maana nilisikia ndo lililomwangusha mzee wako."

Vuta, sukuma, mbao zikipatikana hizi mama atapumua, baba atarudi kwa yule daktari wa mifupa, fanya kazi yako Nati, wanaume waache waongee...

"Lori halina kosa bosi. Mzee tu, uzee, we acha. Kuna bolti moja ya chini, nyuma ya kishikio cha bomba la breki, hakuipaka gundi. Mafuta yakaisha yote humo njiani."

"Du. Bolti moja."

"Moja tu."

Pampu imesimama. Ameisimamisha nani, mkono wenyewe... nyuma ya kishikio, kasema nyuma ya kishikio cha bomba la breki, sasa hilo kalijuaje, nani kamwambia, giaboksi nimeifungua peke yangu, yeye hakuwepo, alikuwa anakimbizana na harusi ya rafiki yake, na bolti yenyewe hii hapa inanichoma paja, hata baba hajui, baba anajilaumu kwa kutopima mafuta, hakuna binadamu anayeijua bolti hii ila mimi, mimi na... mimi na aliyeifunga. Na hapo ndo siku ile ya kabla ya ajali inarudi, wala hakuiita, baba kwenye bomba la maji anasugua mikono kwa sabuni ya unga, anakohoa, na Kapteni yuko chini ya lori anasema, "Nenda kale mzee, imebaki moja, namalizia mimi," na Nati mwenyewe pembeni anaosha vyuma kwenye beseni la mafuta ya taa, kamsikia kwa masikio yake, na baba akauliza, "Gundi unayo?" na sauti ikajibu, "Ninayo." Ninayo. Chupa ya gundi ilikuwa kwenye beseni la Nati, imelala kwenye spana chafu, kaiona jioni akairudisha kwenye rafu, hata hakuwaza, nani anawaza gundi jioni. Kwa hiyo alijua. Alijua siku ile lori lilipolala mtaroni, alijua akimshika baba mkono hospitali, na pale mezani baba akiomba msamaha huyu anatafuna, anaongeza mchuzi, juzi kasema, "Yameshapita baba, tumekusamehe," tumekusamehe, mdomo huo huo... na mimi nimebeba aibu yake kwenye paja langu nikidhani ni ya baba, nimemnyang'anya mzee spana, nimemtazama kama mtu aliyeisha.

Vuta, sukuma, na sasa mafuta yanatokeza kwenye tundu la kujazia, uzi mwembamba wa dhahabu unateremka ubavuni kwa giaboksi, baba alikuwa anasema usiwe na haraka, ngoja lilie, likilia ndo limeshiba, na mkono wa Nati umeshaingia mfukoni wenyewe, bolti iko kiganjani, kavu, ya moto kwa joto la mwili wake.

Raba nyeupe zinasogea, kidole kinagonga bodi, ko ko ko. "Nati, mdogo wangu, limeshiba? Funga hiyo nati tutoke, bosi anasubiri."

Viatu vya vumbi la mbao vimetulia. Uzi wa mafuta umekatika, limebaki tone moja linaning'inia kwenye mdomo wa tundu na haliangukii popote.

"Bado," anasema. "Bado linalia."

"Mbona silioni likilia?"

"Inama basi uone. Hizo raba zitafulika."

Mwenye mbao anacheka, Kapteni naye anacheka, kicheko kirefu kuliko utani wenyewe, na hainami. Na nyumbani saa hizi baba kashika ukuta anaelekea mezani, anapanga maneno yake yale yale... Sasa wewe uliyekalia ndoo, nikuulize, ungetoka humo chini na bolti hiyo mkononi, ukaiweka mbele ya tajiri na mbao zake zikaondoka na lori la mtu mwingine, au ungefunga nati ya kujazia, ukafuta mikono, ukaenda kukaa nao mezani ukisubiri mzee aombe tena msamaha?