Viazi vya Cucu Ngendo

Profesa Nehemiah ni mtu mwema, lakini asubuhi ile nilitamani kuitupa simu ukutani. Yeye alikuwa Nairobi mbele ya kompyuta yake, mimi nilikuwa Nyeri kwenye kliniki yetu ya magoti, na alikuwa akinieleza kwa upole kwamba dawa tunayoijaribu haifanyi kazi.

"Nyawira, damu haidanganyi," alisema. "Kipimo kinapanda. Magoti ya hao akina mama yanalika kuliko kabla hujawapa dawa."

Nieleze kidogo. Ndani ya goti mna gegedu, kile kitu kigumu kinachoteleza, kinachozuia mfupa kusagana na mfupa. Gegedu likilika, vipande vyake vya protini huingia kwenye damu, na maabara huvipima. Vikipungua, dawa inasaidia. Vikizidi, mambo yameharibika. Tulikuwa tukipima kila mwezi, na kila mwezi vilizidi.

"Profesa, hawa watu wanatembea," nikamwambia. "Cucu Ngendo alikuja mara ya kwanza ameshikwa na watu wawili. Siku hizi anakuja peke yake."

"Mgonjwa akikupenda atakwambia amepona. Kipimo cha mwezi huu ndicho cha mwisho. Kikipanda tena, tunasimamisha dawa kwa wote."

Kwa wote. Dawa yenyewe haiuzwi popote, iko kwenye utafiti wetu tu. Bibi huyo, Cucu kama tunavyomwita, akinyang'anywa, atarudi kutambaa akienda chooni, kama alivyokuwa akitambaa mwaka jana. Mwanamke aliyelea watoto saba na kuzika mume, atambae! Mimi nikikasirika huwa silii, natafuta wa kugombana naye. Na sikuwa na shaka hata chembe kwamba dawa inafanya kazi. Nilichokosa ni sababu ya damu kusema vingine.

Basi nikatoka nje nipunguze hasira, nikaenda hadi getini. Kliniki yetu iko juu kabisa, na chini yake njia inateremka hadi mtoni, ambako gari halifiki. Nikamwona Cucu Ngendo anapanda. Alikuwa ameinama mbele, kamba ya ngozi imepita kwenye paji la uso, na mgongoni ana gunia.

Nikamkimbilia. "Cucu, umebeba nini?"

"Ni waru tu. Viazi. Na kabeji mbili. Mbona unanitolea macho hivyo?"

"Umebeba kutoka nyumbani?"

"Sasa ningebeba kutoka wapi? Ni zako. Mtu anakutibu, halafu unamwendea mikono mitupu?"

Viazi, ndizi, maharagwe, hayo yote nilikuwa nikiyakuta jikoni kliniki kila mwezi, na nikiyala kwa moyo mweupe. Mlinzi wa geti ndiye aliyeyapokea. Nilidhani wagonjwa wananunua sokoni hapo karibu.

"Na mwezi uliopita ulileta nini?"

"Ndizi. Mkungu moja."

"Na mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza magoti ilikuwa mbaya. Nililetwa na majirani wawili, mimi nikabeba mayai tu. Hata niliona aibu."

Nikahesabu kichwani. Mayai, ndizi, gunia la viazi. Goti likipata nafuu, mzigo unaongezeka, na mzigo ukiongezeka gegedu linakandamizwa mlima mzima. Vipande vinamwagika kwenye damu dakika chache kabla ya muuguzi wetu, Gaudencia, kuchoma sindano. Na si Ngendo peke yake. Wagonjwa wa Wang'uru huja na mchele, wa Kerugoya na maharagwe, wote migongoni kutoka stendi. Walikuwa wanatuharibia kipimo kwa shukrani.

"Lakini nilikuuliza kila mara kama umefanya mazoezi kabla ya kupimwa!" nikapiga kelele.

"Mazoezi?" Cucu alinishangaa. "Mimi ni mtu wa kukimbia barabarani kama hao wa Nairobi, hata hakuna kitu inawafukuza?"

Nikamwambia leo simtoi damu. Arudi nyumbani, apumzike, aje kesho bila mzigo wowote, kwa sababu viazi vyake ndivyo vinavyofanya dawa ionekane imeshindwa. Nilisema haraka na kwa ukali, maana ndivyo nilivyo. Uso wake ukabadilika.

"Ati viazi yangu ndiyo ugonjwa."

"Sikusema hivyo, Cucu."

"Umesema. Nikuje mikono mitupu kama askari anakuja kushika mtu? Hapana. Kaa na dawa yako." Akageuka na gunia lake, akateremka. Nilimwita, hakuangalia nyuma.

Usiku ule sikula vizuri. Mkono mtupu haulambwi, hilo nililijua tangu utotoni, mama yangu hangetutuma hata kwa jirani bila kitu mkononi. Na sasa nimemwambia mwanamke wa umri wake kwamba heshima yake ni takataka ya maabara. Asipopimwa, Profesa atafunga kazi. Kulipopambazuka nikachukua sindano na chupa, nikateremka mwenyewe hadi kwake.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Nikabisha, nikaingia. Alikuwa bado kitandani, na aliponiona akaanza kuondoa blanketi.

"Lala hapo hapo, Cucu. Usikanyage chini."

"Mgeni ameingia na mimi nimelala kama maiti? Nani atakupikia chai?"

"Nitapika mimi. Nimekuja kuomba msamaha na kuomba damu, na vyote viwili nitavipata ukiwa umelala."

Alinitazama sana. Kisha akacheka kidogo, akanipa mkono. Nikamtoa damu akiwa hajatia hata kidole sakafuni. Halafu nikawasha moto, nikachemsha chai, yeye akinisimamia kutoka kitandani: hiyo sufuria ni ya uji, hayo majani umeweka kidogo, kwenu mnakunywa maji? Nilifurahi kugombezwa. Tukanywa.

Nilipoinuka, akaonyesha kona kwa kidevu. Gunia lilikuwa pale.

"Damu umechukua ni yangu. Hizo ni zako. Ukiziacha, usirudi hapa."

Nikaweka kamba kwenye paji la uso, nikaanza mlima. Kufika katikati jasho lilikuwa linaingia machoni, shingo inauma, na magoti yananipigia kelele kila hatua. Nikasimama kuvuta pumzi, na hapo ndipo wazo likanijia, nikacheka peke yangu njiani hadi mchungaji mmoja wa mbuzi akanikwepa.

Niliingia kliniki na gunia mgongoni. "Gaudencia, nitoe damu. Sasa hivi, kabla sijakaa."

"Daktari, uko sawa kweli?"

"Sijawahi kuwa sawa hivi. Choma."

Tukatuma chupa mbili Nairobi, zina namba tu, bila majina. Wiki iliyofuata Profesa akapiga simu, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu anayejizuia.

"Nyawira, huyu wa kwanza kipimo chake kiko chini. Chini kuliko wote wa miezi iliyopita. Sijui umefanya nini."

"Ni Cucu Ngendo. Nilimpima kabla hajaamka kitandani. Na wa pili?"

"Wa pili ana hali mbaya. Amempita wa kwanza kwa mbali. Pole, lakini huyo mwondoe kwenye dawa leo leo, inammaliza."

"Huyo hajawahi kumeza dawa, Profesa."

"Ni nani?"

"Ni mimi. Magoti yangu ni mazima. Nilipandisha mlima viazi vya Cucu Ngendo, vile vile anavyonipandishia yeye mzigo kila mwezi akija kupimwa."

Nilimsikia anavuta kiti, anakaa.

"Wapime wote upya," alisema. "Wapime vitandani mwao."

"Na dawa?"

"Waendelee kumeza."