Kahawa Ianuliwe

Mimi ndiye niliyeendesha lori la ushirika kwa pombe ya ndizi. Dizeli iliniishia Kemondo, nikamimina rubisi kwenye tangi, na lori likapanda mlima likiimba nyimbo za harusi. Watu wa huku kwetu Muleba wanaijua hiyo. Wanaijua na ile ya kiboko aliyeniomba lifti, na ile ya senene walioinua bati la ofisi ya kata wakaenda kulitua ng'ambo ya ziwa. Nikipita njiani, mtu aliyeshindwa na siku yake ananiita: "Ta Rutaihwa, ingia utudanganye kidogo." Nami naingia. Tangu nistaafu udereva sina kazi nyingine inayopendwa kama hiyo.

Nimeyasema haya mapema ili tukifika mbele usiniulize kwa nini hawakuniamini.

Jirani yangu alikuwa Josia, mtu mkimya, wa kahawa na migomba, Jumapili yuko kanisani kwetu Walutheri akiwaonyesha watu pa kukaa. Kibanja chake na changu, yaani mashamba ya migomba kuzunguka nyumba zetu, vinapakana. Binti yake Kokubanza, au Koku, alimaliza kidato cha nne akafaulu masomo yote, fizikia hadi Kiswahili, ikawa sasa shida ni kuchagua. Masikini wa alama hana shida hiyo, anapelekwa anakopelekwa.

Koku alikuwa na ugonjwa wa mawe. Ukilima vibanja vya kwetu, jembe hugonga vitu vyeusi, vizito, vimekunjamana kama uji ulioungua. Ni mavi ya chuma, mabaki ya wahunzi wa zamani sana waliokuwa wakiyeyusha chuma hapa hapa kwenye migomba. Sisi tunayatupa njiani yazibe matope. Koku alikuwa anayaosha, anayapanga kikapuni, anauliza. Aliniuliza na mimi. Nikamwambia babu yangu alifua jembe kali hata likakata kivuli chake lenyewe. Akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akafuta macho akauliza, "Na makaa yalikuwa ya mti gani?"

Nimedanganya watu wengi, hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza makaa.

Baba yake hakusema lolote juu ya mawe hayo. Ila akilima akaligonga moja, alikuwa analiweka juu ya kisiki mwisho wa mstari. Jioni ungemwona Koku anazunguka visiki kimoja kimoja, anaokota, kama mtu anayekusanya mayai ya kuku.

Basi kwenye tahasusi, yale masomo matatu ya kidato cha tano, Koku akachagua historia, jiografia na Kiingereza. Habari ikafika Bukoba, Kahororo, kwa shangazi yake Edvina, dada wa Josia. Mama huyu ni mzee wa kanisa, na kitenge chake hakijawahi kuwa na kunyanzi. Alikuja siku ileile ambayo Josia alikuwa amerudishwa kutoka hospitali, upande mmoja wa mwili umelala kwa kiharusi. Tukakaa sebuleni, mgonjwa yuko chumbani, mlango wazi.

"Historia inaliwa na chumvi au bila chumvi?" Edvina akauliza.

"Shangazi, kuna watu wanasomea kuchimba mambo ya kale," Koku akasema. "Wanaitwa wanaakiolojia."

"Kuchimba? Baba yako amechimba hapo nje miaka yote na hakuhitaji chuo."

Tulicheka, hata Hellen, mama yake Koku, ambaye hakuwa na sababu ya kucheka siku hiyo. Edvina hakucheka.

"Nisikilize, bojo, mtoto wangu. Mwijage wangu alisoma historia. Akapata chuo kwa tabu, mkopo akapewa nusu, akavaa joho, tukachinja mbuzi. Leo yuko Miembeni juu ya pikipiki anapigia watu honi. Anayesoma sayansi anaitwa na vyuo. Anayesoma mambo ya kale anaviita vyuo, haviitiki."

"Mimi sitaki kuitwa, shangazi. Nataka kujua."

"Utajua ukiwa umeshiba."

Koku aliingia chumbani kwa baba yake, au tata kama tunavyosema kwetu, akakaa naye. Hatukusikia maneno. Josia siku hizo alisema kidogo sana, na kwa shida.

Siku aliyokufa, chumbani tulikuwa wawili tu, mimi na Ma Edvina. Hellen alikuwa jiko la nyuma na sufuria ya uji, Koku ametumwa dawa. Nje, kahawa ya kwanza ya msimu ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka, na wingu jeusi lilikuwa limesimama juu ya ziwa. Josia hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi. Akafungua macho, akatazama dirishani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayerudi shambani:

"Kahawa ianuliwe. Mvua hiyo."

Ikawa ndiyo mwisho. Edvina alimshika mkono, akamwita, akamwita tena, kisha akauweka ule mkono juu ya blanketi polepole kama kitu cha kuvunjika. Mimi mikono yangu sikujua niipeleke wapi. Nikatoka kwa mlango wa mbele, nikaianua kahawa. Nilikuwa nasukumia mkeka wa mwisho ghalani matone yakaanza, na nyuma ya nyumba nikasikia Hellen anapiga ukelele.

Tulimzika kibanjani, karibu na baba yake. Kwetu, neno linalosemwa kaburi likiwa wazi halibishwi. Linafukiwa pamoja na mtu wake. Edvina alisimama ukingoni, akanyoosha kitenge, akasema:

"Kaka yangu alikufa mkononi mwangu. Neno lake la mwisho alinipa mimi niwape ninyi. Alisema: Kokubanza asome sayansi, awe daktari, atibu watu waliolala kama nilivyolala mimi."

Watu wakaitikia kooni. Mchungaji akainamisha kichwa. Koku alikuwa ameshika bega la mama yake. Nikamwona anakubali kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo kichwani na kutafuta usawa wake. Edvina alinitazama mara moja juu ya udongo. Nikanyamaza. Ungefanya nini wewe? Kaburi lilikuwa wazi.

Siku ya kuondoa matanga Koku alinifuata kwangu. Aliniamkia kwa adabu, akakaa kwenye gogo, nikampa kahawa ya kutafuna, akaishika tu.

"Ta Rutaihwa, ulikuwepo. Nataka maneno yenyewe ya tata, jinsi alivyoyasema, nisije nikayasahau."

"Alisema kahawa ianuliwe."

Alinitazama. Mdomo ukaanza kumcheza.

"Alisema, 'Kahawa ianuliwe, mvua hiyo.' Hakusema neno jingine, Koku. Habari ya udaktari shangazi yako aliitoa kichwani mwake."

Akacheka. Alicheka akainama, machozi yakamtoka, sikujua tena ni ya upande gani.

"Waitu, mzee wangu, wewe hubadiliki."

"Nakuapia."

"Hata ya kiboko uliapa."

"Ya kiboko ilikuwa utani. Hii niliona mimi. Nikatoka mwenyewe nikaianua."

"Tata amelala pale amekufa, wewe ukaenda kuanua kahawa?"

"Ndiyo."

"Ta Rutaihwa." Akajifuta macho kwa khanga. "Asante. Sijacheka tangu tulipomzika."

Akaondoka na kahawa yake mkononi. Nikabaki kwenye gogo langu. Uongo wa Edvina ulikuja umevaa nguo za ibada. Ukweli wangu ulikuja na kandambili, na bahati mbaya ukaingia kwa mlango wangu mimi.

Niliposikia kwamba muda wa kubadilisha tahasusi unakaribia kufungwa, nikapanda gari kwenda Kahororo. Edvina alikuwa anamenya ndizi. Alipoona ni mimi hakusimamisha kisu.

"Nimekuja kwa lile neno ambalo Josia hakulisema," nikamwambia.

"Kula kwanza."

"Sina njaa."

"Basi kaa." Akamenya nyingine, akaitia majini. "Ta Rutaihwa, wewe umedanganya watu maisha yako yote ili wacheke. Mimi nimedanganya mara moja, ili mtoto wa kaka yangu ale. Nani kati yetu unadhani Mungu atamwita kwanza?"

"Sijui. Labda mimi, kwa kuwa ninajulikana. Lakini ulimwekea maiti mdomoni kitu ambacho hakukitafuna."

"Angeishi angekisema."

"Angeishi asingekisema. Alikuwa anamwekea yule mtoto mawe kwenye visiki."

Kisu kikasimama. Kumbe hilo hakulijua. Alitazama ukutani, ambako picha ya Mwijage na joho lake imetundikwa, imeanza kugeuka njano. Macho yake yalijaa, lakini hayakumwagika.

"Nikitangua neno la marehemu nililolisema kaburini, nitakaa kiti gani kanisani?" akasema. "Na yeye Koku, atanisikia tena kwa lolote? Niache. Akija kuwa daktari atanishukuru, na asiponishukuru atakuwa na mshahara."

Alimpigia simu mwanawe anipeleke stendi. Mwijage ni kijana mcheshi, anaendesha pikipiki huku amegeuza shingo.

"Mzee, mama amekulisha?"

"Amenishinda."

"Hata mimi hunishinda. Anadhani naona aibu na hii pikipiki. Naona aibu siku ya mvua tu." Akakwepa shimo. "Lakini nikuambie, ile miaka ya chuo, kusoma vile vitabu, nilikuwa mtu. Akiniuliza mtoto nisome nini, sijui nitamwambia nini. Bahati yangu hakuna anayemuuliza bodaboda."

Tukafika Miembeni, na mbele ya duka moja la stesheneri, lile lenye intaneti, nikamwona Koku anatoka. Alikuwa ameshuka mjini kwa gari la mapema. Nikampiga Mwijage begani, akasimama.

"Imekubali," Koku akasema kabla sijauliza. "Fizikia, kemia, baiolojia."

"Koku, mimi nilikuwa sitanii."

"Najua unanipenda, Ta Rutaihwa," akasema, kwa upole ule ambao watu huwapa wagonjwa. "Lakini hilo ni neno la tata. Nitawezaje kulikanyaga?"

Mwijage akatazama taa ya pikipiki yake.

Koku alipangiwa shule ya wasichana mkoa mwingine. Siku ya kuondoka alipita kwangu na kikapu cha mawe, akakiweka barazani. "Huko sitakuwa na nafasi yake," akasema. "Utayatungia hadithi." Nikamsindikiza kwao, ambako sanduku lake la bati lilikuwa mlangoni na Mwijage ametoka Bukoba kumchukua.

Hellen alikuwa ghalani anamalizia kutoa magunia ya kahawa ya maganda. Mnunuzi alikuwa amekuja, na nauli ya Koku ilikuwa humo. Akatoka na kitu amekinyoosha mbele yake kwa vidole.

"Ta Rutaihwa, si koti lako hili? Nimelikuta chini kabisa, kwenye ile kahawa ya siku ya msiba. Hata sikuwahi kujua nani aliiingiza. Nilipotoka jikoni nalia, nikaona uwanja mtupu, mikeka haipo. Nikasema labda malaika."

Nilikuwa nimelisahau. Mikeka ilikuwa haitoshi kufunika, nikalivua nikalitandaza juu. Lilikuwa limeganda madoa ya kahawa mbivu, mekundu yaliyogeuka meusi, mgongo mzima.

Koku alilipokea koti kutoka kwa mama yake. Akalinusa. Akapitisha kidole kwenye madoa, jinsi alivyokuwa akipitisha kidole kwenye mawe yake, bila haraka. Kisha akanitazama, na safari hii hakukuwa na kicheko hata pembeni ya jicho.

"Alitazama wapi alipokuwa anasema?"

"Dirishani."

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Ya kila siku. Kama anakutuma wewe."

Hellen akauliza mnaongea nini ninyi. Mnunuzi akamwita, akarudi kwenye magunia. Mwijage alikuwa amekwisha funga sanduku kwa mpira, amewasha pikipiki, kisha akaizima tena.

"Wanaruhusu kubadilisha hata ukishafika shuleni," nikasema. "Ukiwaomba. Nimesikia wanaruhusu."

Koku alikunja koti vizuri, mkono juu ya mkono, akanirudishia.

"Nikibadilisha wataniuliza kwa nini," akasema. "Niseme shangazi yangu alisema uongo kaburini? Mama abaki na ugomvi wake hapa, na mimi niko mbali?" Akamtazama mama yake, aliyekuwa anahesabia mnunuzi magunia. "Kumbe tata hakuniachia neno."

"Hakuachia mtu neno. Aliona mvua."

"Basi," akasema. "Aliona mvua."

Akapanda pikipiki. Hakulia mbele yetu. Walipofika kwenye kona ya mwisho ya kibanja nikaona pikipiki imesimama, Koku ameshuka. Akaenda kwenye kisiki cha mwisho wa mstari, akasimama hapo. Kisiki kilikuwa kitupu. Akapanda tena, wakaenda.

Anasoma mpaka leo, na anafaulu. Edvina anaitangaza hiyo kanisani kabla ya sadaka. Likizo akija hunisalimia, anakaa kwenye gogo, ananiambia habari za mishipa na mifupa kwa sauti ya mtu anayekariri. Haniulizi makaa yalikuwa ya mti gani.

Kikapu kiko barazani. Watoto wa njia ya shule husimama na kuuliza ni mawe gani hayo, na hukaa chini kabisa, maana wananijua. Nawaambia ni mavi ya chuma. Wanasubiri. Mmoja akasema juzi, "Halafu?"

Nikamwambia halafu hakuna. Wakakaa kidogo kwa heshima, kisha wakabeba madaftari yao wakaenda.